Safari ya meli ya kitalii kwa mstaafu: ipange kuanzia siku ya kurudi

Matangazo ya meli za kitalii yanafanana: bahari ya samawati, roshani, watu wawili wenye mvi wanacheka. Hakuna tangazo linalowaonyesha watu haohao wiki mbili baadaye, wamekalia masanduku yao tangu asubuhi, ndege yao ni ya usiku, na mbele yao kuna saa kumi na nne za kukaa wima kitini. Nimesafiri sana kwa meli tangu nistaafu, na kila safari naona jambo lilelile: melini ni rahisi. Ukishapanda unalishwa, unatandikiwa kitanda, unapelekwa. Kinachowavunja watu wa umri wetu ni siku mbili za mwisho, kati ya kushuka ngazi ya meli na kufungua mlango wa nyumbani. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na siku ya kurudi. Ukiipanga hiyo vizuri, mambo mengine mengi yanajipanga yenyewe.

Hatua ya 1: Anza na ndege ya kurudi

Kabla hujachagua meli, chukua karatasi uandike saa za siku ya mwisho moja baada ya nyingine. Meli nyingi hufunga gatini kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi. Vyumba hutakiwa viachwe kwenye saa mbili hivi, kwa sababu mchana huohuo abiria wapya wanaingia. Wa mwisho hushuka saa tatu au saa nne. Sasa ongeza foleni ya uhamiaji, kutafuta sanduku lako kati ya maelfu ya masanduku, na barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Ndege ya saa nne asubuhi isahau, hata nauli yake iwe nafuu vipi. Mimi sikubali ndege inayoondoka kabla ya saa nane mchana, na bandari ikiwa mbali nasogeza mbele zaidi.

Na bandari huwa mbali kuliko unavyodhani, kwa kuwa jina la mji linaloandikwa kwenye ratiba si lazima liwe mji ambao meli inafika. "Rome" ni Civitavecchia, kama kilomita 70 kutoka mjini. "London" mara nyingi ni Southampton, kama kilomita 130 kutoka London yenyewe. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200. "Berlin" ni Warnemünde, zaidi ya kilomita 200. Na tangu Agosti 2021, meli kubwa zilipozuiwa kupita mfereji wa Giudecca, baadhi ya safari zinazouzwa kwa jina la Venice huanzia au kuishia Ravenna au Trieste, zaidi ya kilomita 100 kutoka Venice. Tafuta jina la bandari yenyewe, halafu pima umbali wa kutoka hapo hadi uwanja wa ndege. Umbali wa kutoka katikati ya mji haukusaidii kitu.

Ndege ikiwa ya zaidi ya saa nane, lala usiku mmoja hotelini baada ya kushuka melini. Najua utasema ni gharama. Itoe kwenye chumba cha meli: chukua chumba cha ndani badala ya chenye roshani, na tofauti hiyo ilipie hoteli, au ilipie kiti chenye nafasi ya miguu kwenye ndege. Roshani utaitumia saa chache kwa siku. Magoti utarudi nayo nyumbani.

Kama ni lazima ubadilishe ndege njiani, saa mbili hazitoshi kwa mtu anayetembea polepole au anayesubiri kiti cha magurudumu. Tafuta saa tatu au nne. Na safari yote iwe kwenye tiketi moja. Ukinunua tiketi mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikudai wala hulidai. Umekosa ndege kwa hasara yako. Kampuni nyingi za meli huuza pia tiketi za ndege. Huwezi kuchagua viti na njia kwa uhuru uleule, lakini meli ikichelewa kufika ni wao wanaohangaika kukutafutia ndege nyingine. Kwa safari ya kwanza, nakushauri ununue kwao.

Jambo dogo linaloangusha wengi ni saa ya kwenye tiketi. Tiketi ikisema 01:30 ya tarehe 14, hiyo ni saa saba na nusu usiku, na uwanjani unatakiwa uwe umefika usiku wa tarehe 13. Anayejiandaa jioni ya tarehe 14 amechelewa kwa siku nzima.

Mwisho, tazama unaelekea upande gani. Mwili huzoea saa mpya kwa shida zaidi ukienda mashariki kuliko ukienda magharibi. Zipo safari za kuhamisha meli, hasa majira ya kuchipua na vuli, ambapo meli inavuka Atlantiki kwenda upande mmoja tu na nauli hushuka. Ikielekea magharibi, saa hurudishwa nyuma mojamoja na unapata siku kadhaa za saa 25. Raha tupu, ila ndege ya kurudi mashariki inazidai zote kwa usiku mmoja. Ukivuka kwa meli kwenda mashariki, siku za saa 23 zinachosha kidogo, lakini ndege ya kurudi magharibi ni nyepesi mwilini. Kama una nafasi ya kuchagua, chagua hii ya pili.

Hatua ya 2: Meli na njia yake

Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2024, ina urefu wa meta 365 na inaweza kuchukua abiria wapatao 7,600. Meli za mtoni huchukua watu 190 hivi. Kati ya hizo mbili kuna kila aina. Meli kubwa hutikisika kidogo na ina zahanati yenye vifaa zaidi, lakini kutoka chumbani hadi kwenye chakula ni matembezi, na foleni ni sehemu ya likizo. Meli ndogo hukufikisha kwenye gati la katikati ya mji, ila bahari ikichafuka utaisikia. Kuna sehemu ambapo ukubwa ni suala la sheria: Antaktika, meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu nchi kavu, na hata kwa meli ndogo watu wanaokuwa ardhini kwa wakati mmoja kwenye kituo kimoja hawatakiwi kuzidi 100. Usilipie meli kubwa ya kwenda huko ukitarajia kukanyaga barafu.

Soma ratiba ukihesabu siku za baharini, yaani zile ambazo meli haifiki popote. Vijana huziita siku za kupoteza. Kwa umri wetu ndizo zinazoibeba safari. Ratiba ya bandari saba kwa siku saba inakurudisha nyumbani umechoka kuliko ulivyoondoka, kabla hata hujakalia kiti cha ndege. Na siku ya mwisho kabisa iwe ya baharini, kwa sababu utakazoziona kwenye hatua ya 8.

Uliza pia ni bandari zipi hazina gati la meli kubwa. Santorini na George Town kwenye kisiwa cha Grand Cayman ni mifano: meli hutia nanga nje na abiria hushushwa kwa mashua. Kuvuka kutoka melini kuingia mashuani kunahitaji mguu unaoitika haraka, na mawimbi yakiwa makubwa, anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kukataliwa kushuka. Kwa Karibi, msimu rasmi wa vimbunga ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Nauli za miezi hiyo zina sababu ya kuwa chini.

Anayesafiri peke yake ajue kwamba vyumba vingi huuzwa kwa hesabu ya watu wawili, na nyongeza ya mtu mmoja inaweza kufikia nauli nzima ya pili. Baadhi ya meli zina vyumba vya mtu mmoja. Ni vichache na huisha mapema.

Hatua ya 3: Chumba

Kama bahari hukulewesha, chukua chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Meli huyumba kama pembea ya ubao: omo na tezi, yaani mbele na nyuma, hupanda na kushuka, katikati hutulia. Tazama ramani ya sitaha ujue kilicho juu na chini yako. Chini ya bwawa la kuogelea utasikia viti vikiburutwa alfajiri, na juu ya ukumbi wa muziki hutalala kabla ya saa saba usiku. Mlango unaounganisha vyumba viwili hupitisha kila kikohozi cha jirani. Usiende mbali sana na lifti, wala usikae mkabala nayo.

Hatua ya 4: Bima na daktari

Hapa usiharakishe. Bima nyingi za kawaida za safari haziigusi meli ya kitalii mpaka uongeze kipengele chake, na nyingi zina ukomo wa umri unaoandikwa kwa herufi ndogo. Taja kila ugonjwa ulio nao, hata ule unaodhibitiwa kwa kidonge kimoja cha asubuhi. Presha usiyoitaja inaweza kuwa sababu ya kukataliwa dai la mguu uliovunjika, maana wanaoshughulikia madai husoma faili lako lote.

Zahanati ya melini ni ya kulipia. Ina daktari na wauguzi, inaweza kupima moyo, kutundikia dripu na kukutuliza, lakini si hospitali ya upasuaji. Unalipa kwanza, bima inarudisha baadaye, kwa hiyo tunza kila risiti. Helikopta nayo ina mwisho wa umbali inaoweza kuruka kutoka pwani, na katikati ya bahari kuu msaada unaweza kuwa umbali wa siku kadhaa.

Kipengele cha bima ninachokisoma mara mbili ni cha kurudishwa nyumbani. Ukilazwa katika nchi ya kigeni, meli inaendelea na safari yake. Ukipata nafuu, shirika la ndege litataka cheti cha daktari kinachosema unaweza kuruka, na huenda ukahitaji kiti cha kulala au muuguzi wa kukusindikiza. Hiyo ndiyo bili inayomaliza akiba ya uzeeni. Hakikisha imo kwenye bima, na namba ya dharura ya bima iandike kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake.

Nenda kwa daktari wako wiki sita hadi nane kabla. Muulize maswali mawili tofauti: kama naweza kupanda meli, na kama naweza kuruka saa nyingi. Ndani ya ndege hewa huwa kama ya mlimani, sawa na mwinuko wa meta 1,800 hadi 2,400, na oksijeni inapungua. Mwenye ugonjwa wa mapafu au moyo anaweza kuwa mzima kabisa sitahani na akazidiwa angani. Kama unahitaji mashine ya oksijeni, shirika la ndege lazima lijulishwe mapema.

Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, ndani ya paketi zake za asili, pamoja na nakala ya cheti cha daktari, na zizidi siku za safari kwa angalau siku kumi. Insulini haiwekwi kwenye sanduku la chini ya ndege, inaweza kuganda ikaharibika. Angalia pia sheria za nchi ambazo meli inapita. Umoja wa Falme za Kiarabu na Japani ni wakali kwa baadhi ya dawa ambazo kwingine ni za kawaida, hasa zenye kodeini au pseudoefedrini.

Hatua ya 5: Karatasi

Pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai baada ya tarehe ya kurudi. Orodhesha kila nchi ambayo meli inagusa, na nchi unazobadilishia ndege, kisha uulize viza ya kila moja. Mtego mkubwa ni eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja: meli ikitoka Italia ikaenda Uturuki kisha ikarudi Ugiriki, umetoka Schengen na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja haikutoshi. Anayehitaji viza aombe ya kuingia mara nyingi.

Cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku kumi baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Aliyefikisha miaka 60 na hajawahi kuchanjwa asikimbilie sindano, kwa kuwa madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwapata zaidi watu wa umri huo. Daktari anaweza kumwandikia cheti cha msamaha, ingawa si kila nchi inalazimika kukikubali.

Kwenye baadhi ya njia, ofisi ya meli hukusanya pasipoti ili ishughulikie uhamiaji wa bandari. Usishtuke. Baki na nakala ya karatasi.

Hatua ya 6: Fika siku moja kabla

Meli haisubiri ndege iliyochelewa. Fika katika mji wa bandari jana yake, ulale, upande meli umepumzika. Sioni haja ya kulieleza zaidi.

Hatua ya 7: Ukishapanda

Zoezi la dharura lihudhurie kwa makini, hata kama umelifanya mara ngapi. Meli ya Costa Concordia ilipopinduka karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012 na watu 32 kufa, kuna abiria waliokuwa wamepanda siku hiyohiyo na hawajafanya zoezi. Tangu 2015 sheria ya kimataifa inataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Ishara ni milio mifupi saba au zaidi, kisha mmoja mrefu. Baada ya zoezi, tembea kutoka chumbani hadi kituo chako cha kukusanyikia kwa ngazi, kwa sababu siku ya hatari lifti hazitumiki.

Pesa: melini hakuna noti, kila kitu huandikwa kwenye akaunti ya chumba. Ukisajili kadi ya benki inayotoa moja kwa moja kwenye akaunti yako, meli inaweza kuzuia kiasi fulani kila siku, na fedha hizo zikabaki zimefungwa siku kadhaa baada ya safari, wakati huohuo unaozihitaji kulipia teksi na hoteli. Tumia kadi ya mkopo ikiwa unayo. Bakshishi ya wahudumu mara nyingi hukatwa kwa siku, kwa kila mtu. Iingize kwenye bajeti tangu mwanzo.

Simu iweke kwenye hali ya ndege mara meli inapoacha pwani. Mtandao wa setilaiti wa melini hujiunga wenyewe na bili yake hufika wiki kadhaa baadaye.

Kulewa bahari ni rahisi kuzuia kuliko kutibu. Vidonge kama sinarizini au meklizini humezwa kabla mawimbi hayajaanza, na huleta usingizi, kwa hiyo shika vyuma vya ngazi. Kiraka cha skopolamini kinachobandikwa nyuma ya sikio hudumu siku tatu, lakini kwa mzee kinaweza kuleta kuchanganyikiwa, na hakimfai mwenye aina fulani za glakoma (presha ya macho) au tezi dume iliyovimba. Muulize daktari kabla ya safari. Ukiwa tayari umeshikwa, nenda sitahani katikati ya meli, tazama upeo wa macho, kula kidogo vitu vikavu.

Halafu mikono. Ugonjwa unaojulikana zaidi kwenye meli ni wa virusi vya noro: kutapika na kuhara siku moja hadi tatu. Jeli ya spiriti haiviui vizuri. Sabuni na maji ya bomba, sekunde 20, kila kabla ya kula na kila baada ya kushika vyuma vya ngazi. Sasa piga hesabu: virusi hivi huchukua saa 12 hadi 48 kabla ya kujitokeza. Ukivipata usiku wa mwisho, vitakukuta angani, kiti cha katikati, foleni ya choo mbele yako. Kwa hiyo siku mbili za mwisho mimi sigusi meza za kujipakulia mwenyewe. Nakula pale ninapoletewa sahani na mhudumu.

Bandarini, fuata saa ya meli. Simu hubadilika yenyewe kwa mnara wa nchi kavu na inaweza kupishana na saa ya meli kwa saa nzima. Vaa saa ya mkononi, usiiguse mpaka nahodha atangaze. Ukitoka na matembezi yaliyouzwa na meli yenyewe, ikichelewa basi lao wanasubiri au wanakupeleka bandari inayofuata. Ukitoka peke yako, ukichelewa umeachwa. Beba dawa za siku mbili, nakala ya pasipoti, kadi, na namba ya wakala wa bandari iliyo kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku. Wapiga mbizi wenzangu, hakuna kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa ndani ya saa 24 kabla ya ndege.

Hatua ya 8: Siku ya mwisho melini

Hii ndiyo siku niliyotaka iwe ya baharini. Asubuhi, omba orodha ya matumizi yako na uikague, kwa sababu usiku foleni ya ofisi huwa ndefu. Badilisha saa yako uanze kuielekea ya nyumbani: ukirudi mashariki, lala na uamke mapema kidogo, ukirudi magharibi, chelewa kidogo. Hata saa moja au mbili inasaidia.

Masanduku yenye lebo za rangi au namba huwekwa nje ya mlango usiku. Kabla hujalifunga, toa na uweke kando: nguo za kesho, viatu, dawa, miwani, meno ya bandia, pasipoti, chaja. Kila safari yupo mtu anayebaki na nguo za kulalia na kandambili. Kama una nguvu ya kubeba mwenyewe, chagua kushuka na mizigo yako. Unatoka mapema na huliwindi sanduku lako kwenye ghala. Kama huna, omba kiti cha magurudumu cha kushukia leo. Kesho asubuhi wote watakuwa wanakitaka.

Cha uwanja wa ndege uwe umeshakiomba angalau saa 48 kabla. Wapo wanaoona aibu. Kutembea kilomita nzima ndani ya uwanja, na kusimama kwenye foleni ya usalama, si mtihani wa ujasiri. Miguu yako ina kazi nyingine mbele.

Betri za akiba za simu ziende kwenye begi la mkononi. Haziruhusiwi kwenye sanduku la chini.

Hatua ya 9: Ndani ya ndege

Adui wa kwanza ni kukaa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kukaa bila kusogea zaidi ya saa nne huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, ingawa kwa jumla hatari hubaki ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Hatari hupanda kwa aliyewahi kuganda damu, aliyetoka kwenye upasuaji, mwenye saratani, au mwenye unene mkubwa. Chukua kiti cha kando ya njia, inuka kila saa au mbili, na ukiwa umekaa zungusha vifundo vya miguu na upandishe visigino. Soksi za kubana zinazofika chini ya goti husaidia zikiwa za kipimo chako. Zivae asubuhi kabla miguu haijavimba. Mwenye mishipa mibovu ya miguu au kisukari kilichoathiri miguu amuulize daktari kwanza. Aspirini ya kujiandikia mwenyewe iache.

Adui wa pili ni ukavu. Unyevu wa hewa ya ndege huwa chini ya asilimia 20. Kunywa maji kidogokidogo muda wote, wala usijinyime kwa kuogopa choo. Safari ya chooni ndiyo mazoezi yako. Pombe inakausha na inaharibu usingizi. Ukinywa dawa ya kupunguza maji mwilini, muulize daktari kabla kama unaweza kusogeza muda wa dozi ya siku hiyo.

Dawa za kila siku na mabadiliko ya saa huchanganya. Wengi hufuata saa ya kule walikotoka mpaka wafike, kisha huhama. Kwa insulini na dawa za kuzuia damu kuganda, mpango uandikwe na daktari, saa kwa saa, kwenye karatasi uliyonayo mkononi. Dawa za usingizi kwenye ndege sizipendi: mtu analala kama gogo saa saba bila kugeuka, na tumeshaona maana yake kwa miguu.

Kula mlo kwa saa ya nyumbani badala ya kila kinachopita na kigari. Mhudumu hatakasirika ukikataa mlo wa pili.

Hatua ya 10: Ukifika

Usitoke uwanjani kabla ya kuripoti sanduku lililopotea au kuvunjika, na uondoke na karatasi ya ripoti. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999 unaohusu safari za ndege za kimataifa, dai la uharibifu liandikwe ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea sanduku, na la kucheleweshwa ndani ya siku 21. Kama uliruka kutoka nchi ya Umoja wa Ulaya na ndege ikachelewa sana au kufutwa, kanuni namba 261 ya 2004 inalitaka shirika likutunze kwa chakula na malazi, na wakati mwingine likulipe fidia ya fedha. Mara nyingi hawalitaji hilo mpaka uulize.

Mwanga wa jua ndio dawa kuu ya kurudisha saa ya mwili. Toka nje: ukiwa umekwenda magharibi, alasiri, ukiwa umekwenda mashariki, asubuhi, ila ukivuka saa nyingi sana subiri hadi katikati ya asubuhi. Hesabu takriban siku moja kwa kila saa uliyovuka kwenda mashariki, pungufu kidogo kwa magharibi. Melatonini, homoni ya usingizi, huwasaidia wengine, lakini katika baadhi ya nchi hutolewa kwa cheti tu, na haipatani vizuri na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Usiendeshe gari siku ya kufika, na usikubali miadi yoyote wiki hiyo.

Sakafu ya nyumbani inaweza kuyumba siku moja au mbili, hasa bafuni ukifumba macho. Ni mwili ulioizoea bahari, na kuyumba huko huisha kwenyewe. Kukizidi mwezi, mwone daktari. Lakini mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, au ukipata kubanwa kifua na kukosa pumzi, usisubiri kesho, hata kama wiki kadhaa zimepita tangu ushuke kwenye ndege. Nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie ulikuwa kwenye safari ndefu.

Taarifa ya kadi yako ikifika, ilinganishe na orodha uliyopewa melini. Makato ya ziada baada ya safari hutokea, na ukiwa na karatasi ni rahisi kuyapinga.